Mkaguzi Amekataa Kutoa Cheti: Kutafuta Chanzo Katika Nyumba Iliyoongezwa Chumba

Dada yangu aliongeza jiko na sebule nyuma ya nyumba yake ya Barking, mashariki mwa London. Kazi ilipendeza macho: vigae sakafuni, milango ya vioo ya kukunja, makabati mapya yanayong'aa. Siku ya ukaguzi wa mwisho mkaguzi wa udhibiti wa ujenzi, ambaye akiridhika hutolewa cheti cha kukamilika kwa kazi, aliingia, akapita jikoni bila kugusa kitu, akasimama pale ulipobomolewa ukuta wa zamani, akainua macho kwenye dari iliyokwisha kupakwa rangi. Akauliza swali moja: boriti ya chuma imekalia nini? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa amepiga picha. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya ngazi nikikata jipsamu kwa msumeno wa mkono, shemeji ameshika taa, dada ametandika mashuka juu ya makabati na hataki hata kutazama.

Tangu siku hiyo jamaa zetu wengi hapa Uingereza hunipigia simu wakishakwama, nami nikiwasikiliza nasikia jambo lile lile. Kinachomfanya mkaguzi akatae mwishoni karibu kila mara kilifanyika, au kiliachwa, miezi kadhaa nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akiwaza cheti. Rangi na vigae havimhusu. Kwa hiyo nitaanza na kile unachokiona au unachoambiwa, halafu turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Kanuni ninazozitaja ni za England. Scotland ina utaratibu wake, na Wales na Ireland ya Kaskazini vivyo hivyo.

"Kibali ninacho, cheti cha nini tena?"

Hili tulimalize kwanza, maana linawaponza hata watu waliokaa hapa miaka 20. Ofisi ni mbili. Idara ya mipango miji inaangalia ukubwa, urefu na jinsi jengo linavyomwathiri jirani. Mara nyingi huhitaji hata kuiomba kibali: nyumba iliyoungana na ya jirani inaruhusiwa kuongezwa nyuma hadi mita 3 kwa ghorofa moja, na iliyojitenga hadi mita 4, mradi masharti mengine yametimia. Udhibiti wa ujenzi ni shughuli nyingine kabisa. Hao wanaangalia kama jengo litasimama, kama litakuwa kavu, kama watu watatoka salama moto ukizuka, na kama maji taka yatapita. Kusamehewa kibali cha mipango miji hakukuondolei hata chembe ya udhibiti wa ujenzi.

Ukiandikiwa kwamba halmashauri haina kumbukumbu ya kazi yako, chanzo ni kimoja kati ya viwili: fundi hakupeleka taarifa kabisa, au alimtumia mkaguzi binafsi aliyesajiliwa na wewe hukuambiwa. Mdai fundi namba ya maombi. Ikiwa haipo, iombe halmashauri irasimishe kazi iliyokwisha kufanyika. Inaruhusiwa kwa kazi yoyote iliyofanywa tangu 11 Novemba 1985. Ada yake ni kubwa kuliko ya kawaida na utatakiwa kufunua sehemu za jengo, lakini usikae kimya ukitegemea kusahauliwa. Tangu Oktoba 2023 halmashauri ina miaka 10 ya kukulazimisha kurekebisha au kubomoa kazi isiyofuata kanuni. Zamani ilikuwa miezi 12.

Anataka kuona kilichokwisha kufunikwa

Dalili yake utaijua: mkaguzi hatazami vitu, anatazama dari na sakafu, kisha anaomba picha. Maana yake kwenye faili lake kuna hatua isiyo na alama. Hatua ambazo kwa kawaida hutakiwa kuitiwa mkaguzi ni shimo la msingi kabla ya kumwaga zege, DPC (tabaka ukutani la kuzuia unyevu wa ardhini usipande), sakafu kabla ya zege, mabomba ya maji taka kabla ya kufukiwa, boriti na mbao za paa, halafu tabaka la kuhifadhi joto kabla ya jipsamu. Fundi mwenye haraka huruka mojawapo. Lori la zege limepangwa saa mbili asubuhi, mkaguzi kasema atafika saa tano, basi zege linamwagwa.

Kama kilichorukwa ni msingi, utachimba shimo moja dogo la majaribio nje, kando ya ukuta, upana wa kutosha mtu kuinama na kupima, mpaka uone kitako cha zege. Shimo moja, si mtaro. Nimewahi kumkuta mzee mmoja amechimbua msingi wote upande wa bustani ili mkaguzi aone vizuri, na nilimsihi arudishe udongo jioni ile ile, kwa sababu udongo unaoubana msingi ukiuondoa kwa urefu wote unauondolea ukuta egemeo. Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo msingi wa mita 1 ndio wa kuanzia. Penye mti mkubwa karibu utashuka zaidi, kwa sababu mizizi hunyonya maji na udongo husinyaa kwa kina.

Boriti ndiyo inayowaliza wengi. Usibomoe dari nzima. Kata dirisha dogo la jipsamu kwenye kila ncha, takriban sentimita 30 kwa 30, pale chuma kinapoingia ukutani. Mkaguzi anatafuta mambo matatu. Kwanza, je, chuma kimekalia jiwe la zege lililokusudiwa, au kimekaa juu ya tofali tupu? Pili, kimeingia kiasi gani juu ya jiwe hilo? Tatu, je, ni chuma kilichoandikwa kwenye hesabu za mhandisi? Hesabu zikisema 203 x 133 x 25 (kimo na upana kwa milimita, kisha kilo kwa kila mita), pima kimo na upana wa ubapa kwa tepu. Ukikuta kimo cha milimita 178, fundi alinunua chuma chembamba zaidi, na hapo hakuna maneno matamu yatakayosaidia. Mpigie mhandisi afanye hesabu upya kwa chuma kilichopo. Kuna wakati kinatosha kwa sababu hesabu za kwanza ziliacha akiba, kuna wakati hakitoshi.

Kwa dada, ncha ya kushoto ilikuwa sawasawa. Ya kulia ilikalia matofali mawili ya zamani, moja limepasuka katikati, chokaa chake kinamomonyoka kwa kucha. Jiwe la zege halikuwepo. Ghorofa yote ya juu, pamoja na kitanda cha watoto, ilikuwa inategemea tofali hilo. Mhandisi alikuja, akaagiza. Tukasimamisha nguzo za chuma za muda pande zote mbili na ubao mzito juu yake, tukatoa yale matofali, tukaweka jiwe la zege, na uwazi uliobaki tukaujaza vibati vya chuma na saruji kavu iliyoshindiliwa kwa nyundo mpaka ikawa inalia kama jiwe. Siku mbili za kazi. Mkaguzi alirudi, akaona, akapiga picha zake, akasema funga.

Kufunga nako kuna masharti. Chuma kikiachwa wazi kwenye moto hulegea, kwa hiyo kinatakiwa kukingwa kistahimili moto kwa dakika 30. Kwa nyumba ya kawaida tunatumia jipsamu mbili za milimita 12.5 zilizopishanishwa maungio, au moja maalumu ya kuzuia moto ya milimita 15. Wengine huziba kile kidirisha kwa kipande kimoja cha jipsamu ya kawaida na plasta, wakarudisha kosa lile lile kwa sura mpya.

Tabaka la kuhifadhi joto nalo likishafunikwa halionekani, ila huwa halina makali sana ukiwa na risiti na picha. Risiti pekee inaonyesha ulinunua. Picha inayoonyesha maandishi ya unene juu ya bodi ikiwa tayari ukutani inaonyesha uliweka. Bila picha, utatoboa tundu kwenye plasta nyuma ya kabati na kupima kwa waya.

Ukuta una unyevunyevu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hupaka rangi ya kuzuia unyevu siku mbili kabla ya ukaguzi na kuhesabu wamemaliza. Rangi ile inaficha ramani. Unyevu unakuambia chanzo chake kwa mahali ulipo.

Ukianzia chini, kwenye skatingi, ukapanda hadi magotini, toka nje utazame ardhi. DPC inatakiwa iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Jengo lilipokwisha ilikuwa hivyo. Kisha mkaja mkapanga vigae vya nje, juu ya kifusi, juu ya mchanga, ili viwe sawa na sakafu ya ndani mtu atoke na chai yake bila kujikwaa. Vigae vimeifikia DPC, mvua inaruka na kulowesha tofali juu yake. Dawa ni kuchimba mfereji mwembamba kando ya ukuta wote, kuujaza kokoto, na kuuwekea mahali pa kumwagia maji. Mlangoni weka mfereji wenye wavu wa chuma.

Ukiwa juu, kwenye mstari ambapo paa jipya linagusa ukuta wa zamani, na unazidi siku za mvua yenye upepo, angalia mambo mawili. La kwanza ni bati la risasi: limepanda ukutani milimita 150 na kuingizwa ndani ya maungio ya matofali, au limegandishwa tu kwa gundi? La pili halionekani kwa macho. Kuta nyingi zilizojengwa tangu miaka ya 1920 na 1930 zina uwazi katikati, na maji yanayopenya tofali la nje hushuka ndani ya uwazi huo hadi chini bila kumdhuru mtu. Ukijenga paa dhidi ya ukuta huo, sehemu yake ya chini iliyokuwa nje sasa iko sebuleni kwako. Maji yanashuka vilevile, ila sasa yanaishia nyumbani mwako. Panatakiwa treyi ndani ya uwazi, juu kidogo ya paa, ya kuyapokea maji na kuyatoa nje kupitia vitundu. Ukitazama juu ya bati la risasi ukaona vitundu vidogo kati ya matofali, treyi ipo. Usipoviona, muulize fundi kwa upole, kisha muulize tena. Kuiweka baadaye kunawezekana kwa kutoa matofali machache machache kwa zamu.

Unyevu wa kwenye kona za dari na nyuma ya makochi, wenye kuvu nyeusi, kwa kawaida ni pumzi yenu na mvuke wa sufuria. Usishindane kwa maneno: gandisha kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, ulale nacho. Asubuhi, maji yakiwa upande wa chumba, ni mvuke, na dawa ni hewa. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Kumbuka pia zege na plasta mpya hukauka polepole. Sakafu ya unene wa milimita 50 huhesabiwa takriban siku 50. Kama ulifunga vigae mapema, unyevu unaoutazama huenda ni maji ya ujenzi wenyewe.

Kuna jingine linaloharibu nyumba ya zamani kimya kimya. Nyumba nyingi za safu za hapa zina sakafu ya mbao yenye uwazi chini, na kwenye kuta za mbele na nyuma kuna matofali yenye matundu yanayopitisha upepo ukaushe zile mbao. Ukiongeza chumba chenye sakafu ya zege nyuma, umeziba matundu ya nyuma yote. Upepo unaingia mbele na hauna pa kutokea. Baada ya miaka michache sebule ya zamani inaanza kubonyea ukitembea, na ukifunua unakuta boriti za mbao zinamenyeka kama mkate uliolowa. Mkaguzi anayejua kazi atakuuliza upepo unapitia wapi. Jibu linatakiwa kuwa mabomba ya kipenyo cha milimita 100 chini ya zege, kutoka kwenye matundu ya zamani hadi kwenye matundu mapya ya ukuta wa nje. Kama hayakuwekwa, mara nyingine tunaweza kufungua matundu mapya kwenye kuta za pembeni, kwa nyumba zenye pembeni. Kwa nyumba ya katikati ya safu ni kazi nzito. Ndiyo maana nawaomba watu waliulize swali hili kabla ya siku ya zege.

Nyufa pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani

Ufa wima, mwembamba kama unywele, ulionyooka kwenye kiungo, haunitishi. Nyumba ya zamani imeshatulia miaka 80 au 100, mpya ndiyo kwanza inakaa, na lazima zipishane kidogo. Ndiyo sababu tunaziunganisha kwa ukanda wa chuma kisichopata kutu wenye vishikio, na kuacha nafasi inayojazwa mpira laini. Fundi akijaza saruji ngumu pale, ufa utajitafutia njia wenyewe.

Ufa unaofika milimita 1 ni wa kujaza na kupaka rangi. Unaokaribia milimita 5, au ulio mpana juu kuliko chini, au unaokwenda kwa ngazi kupitia matofali, mwite mhandisi kabla ya mkaguzi. Upana mkubwa juu huashiria kwamba ncha ya mbali ya jengo jipya inazama na kulivuta. Weka alama za penseli pande mbili za ufa, andika tarehe, pima kila wiki. Mkaguzi akiona vipimo vya miezi miwili visivyobadilika, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Chumba cha mama na suala la moto

Wengi wetu tunaongeza chumba chini kwa ajili ya mzazi asiyeweza tena ngazi. Ni jambo jema, na ndiyo maana naumia nikiona limepangwa vibaya. Mpango wa kawaida ni huu: jiko kubwa limehamia nyuma, na chumba cha mama kipo kando yake, mlango wake unafungukia jikoni. Mkaguzi anakataa, familia inashangaa. Chanzo ni kwamba mama hana njia ya kutoka isipokuwa kupitia jikoni, na jikoni ndiko moto unakoanzia mara nyingi.

Chumba cha namna hiyo kinaruhusiwa kikiwa na dirisha la kutokea. Uwazi wake usipungue mita za mraba 0.33, upana na kimo kila kimoja kisipungue milimita 450, na ukingo wa chini wa uwazi usizidi milimita 1100 kutoka sakafuni. Kinachopimwa ni uwazi halisi dirisha likiwa limefunguliwa mwisho, si fremu. Hapo ndipo watu wanapoanguka: dirisha la fremu pana lina bawaba zinazolizuia lisifunguke zaidi ya nusu. Milimita 450 kwa 740 inatosha. 450 kwa 450 haitoshi, ingawa kila upande umetimiza. Kubadilisha bawaba ni kazi ya saa moja na mara nyingi inalimaliza tatizo. Nje ya dirisha napo pawe mahali pa kwenda, si uchochoro uliofungwa kwa lango la kufuli.

Ving'ora vya moshi viwe vya umeme wa nyumba vyenye betri ya akiba, na vilie pamoja: cha jikoni kikiamka, cha ghorofani nacho kiamke. Jikoni hufungwa cha joto, si cha moshi, la sivyo kila maandazi yanapokaangwa mtu atakitoa betri. Na kama dari ya nyumba yenu ilishageuzwa chumba, kisha mkabomoa ukuta kati ya ngazi na jiko ili pawe wazi, simama hapo uombe ushauri mapema. Waliolala juu wanategemea ngazi iliyokingwa kuta na milango ya kuzuia moto, nanyi mmeifungulia jikoni.

Vioo na hewa

Kwa ufupi. Kioo cha ukutani kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na cha mlangoni au kilicho ndani ya milimita 300 kando ya mlango hadi kimo cha milimita 1500, lazima kiwe cha usalama. Mkaguzi anatafuta muhuri mdogo kwenye kona ya kioo. Muhuri ukifichwa na fremu au stika, safisha, utafute, mwonyeshe.

Vioo vikizidi robo ya eneo la sakafu mpya, ukijumlishia eneo la madirisha na milango ya zamani uliyoyafunika, anaweza kudai hesabu za upotevu wa joto. Sakafu ya mita za mraba 20 inakupa 5. Ulifunika mlango na dirisha vya jumla ya 3, basi una 8. Paa lote la vioo linazimaliza mara moja. Usijaribu kubahatisha, tafuta mtu wa hesabu hizo.

Hewa: vitundu vya juu ya madirisha, feni ya jikoni inayotoa nje, feni ya choo. Shika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya feni. Kisiponaswa, bomba lake limebonyea mahali au halijaunganishwa na linapumulia darini. Na usisahau chumba cha katikati kilichopoteza dirisha lake. Kinahitaji hewa kama vingine.

Harufu, na maji ya mvua yasiyo na pa kwenda

Harufu ya choo ndani ya jiko jipya, hasa jua likiwaka baada ya mvua, mara nyingi ni chemba iliyobaki chini ya sakafu. Kifuniko cha ndani ya nyumba lazima kiwe cha kuzuia hewa kabisa, chenye mpira wa pande mbili na kilichofungwa kwa skrubu. Fundi akirudisha kile cha bustani, harufu itapita.

Mkaguzi pia atauliza kama bomba la maji taka linalopita chini ni la kampuni ya maji. Tangu 1 Oktoba 2011 mabomba mengi yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja yalihamishiwa kwa kampuni hizo, hata yakiwa ndani ya uwanja wako. Ukijenga juu yake au ndani ya mita 3, unatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi nao. Bila hayo, waombe sasa. Watataka kamera ipite ndani ya bomba kuonyesha halijapasuka.

Maji ya mvua ya paa jipya yafuate kwa ndoo yenye maji ya rangi. Mwaga kwenye gata, msaidizi asimame penye chemba wazi. Rangi ikitokea kwenye chemba ya maji taka, tatizo ni hilo. Isipotokea popote, uliza shimo la kunyonya maji liko wapi. Linatakiwa kuwa angalau mita 5 kutoka kwenye jengo.

"Cheti cha umeme nimempa, anasema sicho"

Karatasi ni mbili na zinafanana. Moja inatolewa na fundi umeme mwenyewe, ina vipimo vya kila sakiti. Nyingine inatoka kwenye chama chake cha usajili, kama NICEIC au NAPIT, ikithibitisha kwamba kazi imefuata kanuni za ujenzi. Hii ya pili fundi anatakiwa kuhakikisha inatolewa ndani ya siku 30 baada ya kumaliza, na mara nyingi hasahau kazi, anasahau kuijaza kwenye mfumo. Mpigie. Asipokuwa amesajiliwa popote, halmashauri ilipaswa kujua kabla hajaanza, na sasa itadai upimaji mwingine kwa gharama yako.

Gesi ni hivyo hivyo kupitia Gas Safe, sajili ya mafundi gesi. Madirisha yanachanganya: cheti cha FENSA ni cha kubadilisha madirisha kwenye nyumba iliyopo, hakihusu madirisha ya chumba kipya. Aliyekuuzia akikuambia kinatosha, hakitoshi.

Fundi kaingia mitini

Tangu 1 Oktoba 2023 taarifa ya kukamilika, inayotakiwa kupelekwa ndani ya siku 5 baada ya kazi kwisha, huambatana na maelezo yaliyosainiwa: yako wewe mwenye nyumba, ya mkandarasi mkuu na ya msanifu mkuu, kila mmoja akithibitisha wajibu wake. Fundi aliyelipwa senti ya mwisho mwezi uliopita na sasa hapokei simu ni tatizo kubwa kuliko ufa. Mwandikie barua pepe na barua ya kawaida, uweke tarehe, utunze nakala, kisha mweleze mkaguzi hali ilivyo kabla hajakuuliza. Walio katikati ya ujenzi nawasihi: bakizeni asilimia 5 hadi 10 ya malipo hadi cheti kifike, na muandike hivyo kwenye makubaliano siku ya kwanza. Fundi mwaminifu hakatai.

Siku ya ukaguzi, legeza mifuniko ya chemba, ondoa masanduku mbele ya boksi la umeme, weka ngazi karibu, panga karatasi mezani kwa mpangilio wa hatua za ujenzi, na picha zenye tepu ndani yake. Akitaja kasoro, mwombe aziandike kwa barua pepe. Kasoro ya maneno hubadilika akija mkaguzi mwingine. Zikishakwisha, halmashauri ina wiki 8 za kutoa cheti.

Cha dada kilifika Ijumaa jioni kwa barua pepe. Alikichapisha nakala mbili. Moja iko kwenye faili la nyumba, nyuma ya picha za ncha ya kulia ya boriti. Nyingine alinipa mimi, nami huwaonyesha wanaoniuliza cheti chenyewe kinafananaje.